Bannerlord: Vita Vimeiva, Dunia Bado Mbichi

Ni nadra mchezo wa kompyuta kuwagawa mashabiki wake kama Mount & Blade II: Bannerlord. Mtu ameucheza kwa mamia ya saa, ameteka miji, ameoa, amepata watoto, amevikwa taji, kisha anamshauri mwenzake asiununue. Mwingine ameucheza siku mbili tu, akaona askari wake wameganda chini ya ngazi ukutani, na bado anauita mchezo bora wa vita vya enzi za kati kuwahi kutengenezwa. Mgeni anayetaka kujua kama pesa zake zitakwenda mahali pazuri anabaki njia panda.

Ubishi huu haukuletwa na ushabiki peke yake. Bannerlord uliingia sokoni Machi 30, 2020 ukiwa haujakamilika, ukauzwa hivyo kwa zaidi ya miaka miwili na nusu, na ulipotangazwa kuwa umekamilika Oktoba 25, 2022, wapo wengi ambao hawakukubali. Ndiyo maana wanaobishana mara nyingi hawazungumzii kitu kimoja. Huyu anauhukumu mchezo kwa toleo la mwanzo, yule kwa toleo la mwisho. Huyu analalamikia mambo yaliyoharibika, yule analalamikia mambo ambayo hayakuwahi kuwekwa. Kasoro na pengo ni vitu viwili tofauti, na bila kuvitenganisha hakuna hukumu ya haki inayoweza kutolewa.

Kutoka Ankara hadi Calradia

TaleWorlds Entertainment ni kampuni ya Ankara, Uturuki. Ilianza kama kazi ya nyumbani ya Armağan Yavuz na mkewe, İpek Yavuz. Mchezo wao wa kwanza, Mount & Blade, waliuuza wenyewe kwenye tovuti yao ukiwa bado unatengenezwa, miaka kadhaa kabla ya toleo rasmi la Septemba 2008. Jambo hili husahaulika sana katika mjadala. Kuuza mchezo ambao bado uko jikoni hakukuwa mbinu waliyoigundua mwaka 2020; ndiyo njia iliyowajenga. Wanunuzi wa kwanza walilipa, wakacheza, wakalalamika, na malalamiko yao yakafanyiwa kazi katika matoleo yaliyofuata. Mwaka 2010 ikaja Warband, iliyoongeza mapambano ya wachezaji wengi kupitia intaneti, ndoa, na nafasi ya mchezaji kuanzisha ufalme wake mwenyewe.

Bannerlord ulitangazwa mwaka 2012. Mashabiki wakasubiri karibu miaka minane, na katika miaka hiyo matarajio yaliongezeka kuliko kazi yenyewe. Hadithi yake inarudi nyuma kama karne mbili kabla ya Warband, katika bara la kubuni la Calradia. Dola kuu ya bara hilo, inayofanana na Roma ya Mashariki, imepasuka vipande vitatu vinavyopigana vyenyewe kwa vyenyewe. Pembeni wapo Vlandia walioigwa kwa Wanormani, Battania wa misituni wenye asili ya Wakelti, Sturgia wa kaskazini wanaofanana na watu wa Rus, Khuzait wa nyikani wanaopigana juu ya farasi, na Aserai wa jangwani walioigwa kwa Waarabu. Jumla ni madola 8, na mchezaji anaanza akiwa mtu wa kawaida mwenye farasi, silaha chache na ukoo usio na jina.

Ulipofika sokoni, sehemu kubwa ya dunia ilikuwa imejifungia ndani kwa sababu ya korona, na kampuni ikautoa siku moja kabla ya tarehe iliyotangazwa. Bei ilikuwa dola 49.99 za Marekani, inayokaribia kabisa bei ya mchezo mkubwa uliokamilika. Katika duka la Steam, wachezaji wapatao 248,000 walikuwa ndani kwa wakati mmoja katika siku za mwanzo. Kampuni ilisema kipindi cha matengenezo kingechukua kama mwaka mmoja. Kilichukua miaka miwili na miezi karibu saba.

Pale upanga unapoanza kazi

Sifa za mchezo huu hazina budi kuanzia uwanja wa vita, kwa kuwa hapo hakuna aliyeufikia. Michezo mingi ya mikakati humweka mchezaji juu mbinguni akiwatazama askari kama punje. Michezo mingi ya mapigano humpa mtu mmoja na maadui wachache. Bannerlord humweka mchezaji chini, juu ya farasi wake, ndani ya vita vyenye askari hadi 1,000 kwa wakati mmoja, akiwa jemadari na akiwa askari.

Mfumo wa kupigana una sheria rahisi zenye kina kirefu. Pigo linatoka juu, kushoto, kulia au kwa kuchoma mbele, na asiye na ngao lazima akinge upande uleule linakotoka. Aliyeinua upanga anaweza kughairi na kubadilisha upande kabla hajauachilia, kwa hiyo watu wawili wanaojua wanaviziana kwa hila kabla chuma hakijagusana. Kasi inaingia kwenye hesabu. Mkuki uliobanwa kwapani juu ya farasi anayekimbia unaweza kumuua mtu kwa mguso mmoja, na mkuki uleule mikononi mwa mtu aliyesimama hauna tishio kubwa. Hata aina ya silaha inabeba uamuzi wa kiuchumi: upanga unaua, lakini rungu linamzimisha adui akiwa hai, na aliyezimia anakuwa mateka wa kuuzwa kwa fidia au kuingizwa jeshini. Mchezaji anayeanza, anayekimbizana na wezi wa barabarani wanaorusha mawe, anajifunza haraka kwamba rungu la bei nafuu linaweza kumlipia mishahara ya askari wake.

Juu ya hayo kuna amri za vikosi. Wenye ngao wanaweza kuzibanisha ziwe ukuta, wapiga mishale kupanua safu wasikatwe kwa wingi, wapanda farasi kuzungushwa nyuma ya kilima wakangoja. Amri hizo zikitolewa kwa wakati wake, na mchezaji mwenyewe akiwa katikati ya vumbi bila kuona zaidi ya hatua thelathini, kinachotokea ni hisia ambayo mchezo mwingine hauitoi: ya kuongoza watu huku ukiogopa maisha yako mwenyewe. Hii ilikuwa kweli katika toleo bovu kabisa la 2020. Waliosema mchezo huu ulikuwa mzuri tangu siku ya kwanza walikuwa na ushahidi mkononi.

Lakini hata hapa kulikuwa na dosari, na haifai kuzifunika. Malalamiko makubwa yalihusu mavazi ya chuma, ambayo hayakumlinda mvaaji dhidi ya mishale kwa kiasi kilichotarajiwa. Matokeo yake, kikosi cha wapiga mishale bora wa Battania, wanaoitwa Fian, kingeweza kuangamiza jeshi zima la askari wa miguu kabla halijafika. Vita vingi viliisha ndani ya dakika chache. Jemadari wa kompyuta naye hakuwa mwerevu kiasi cha kumlazimisha mchezaji afikiri. Mara nyingi ilitosha kuwaamuru wote washambulie na kungoja. Mfumo ulikuwa na kina, na adui hakukilazimisha kitumike.

Kuta zilikuwa mtihani mgumu zaidi. Uzingiraji wa ngome ulitangazwa kama fahari ya mchezo: gogo la kubomolea lango, minara ya mbao yenye magurudumu, mitambo ya kurusha mawe inayojengwa kwanza kwenye ramani kisha inayoonekana ukutani. Kwa macho, ni fahari kweli. Kwa utendaji, askari walifika kwenye ngazi wakasongamana chini yake, ngazi nyingine ikiwa tupu, huku mishale ikiwamaliza mmoja mmoja. Kumwelekeza mtu mmoja wa kompyuta apande ngazi ni kazi nyepesi. Kuwaelekeza mamia wapande tatu kwa pamoja, wakisukumana, wakifa na kuzibiana njia, ni miongoni mwa matatizo magumu ya utengenezaji wa michezo. Yalipunguzwa toleo hadi toleo, lakini hayakuisha.

Uchumi, na mshindi asiyezuilika

Nje ya vita, mchezo ni ramani kubwa ambamo mamia ya vikundi yanatembea kwa wakati mmoja. Hapa ipo kazi ambayo haisifiwi vya kutosha. Kila kijiji kinazalisha kitu chake: nafaka, zeituni, chumvi, farasi. Wanakijiji wanakibeba kwa miguu hadi mji wao na kukiuza. Misafara inanunua panapo bei ya chini na kuuza panapo bei ya juu. Ukichoma vijiji vya mji fulani, chakula kinapungua ndani ya kuta zake, ustawi unashuka, na walinzi wake wanaanza kufa njaa. Kwa hiyo mchezaji mwenye jeshi dogo anaweza kuuchosha mji mkubwa kwa wiki kadhaa bila kugusa ukuta. Huo ni mkakati halisi, unaotokana na mfumo wenyewe.

Ila mfumo unaojiendesha una hatari moja kubwa: hauna mkono wa kuuzuia. Katika toleo la 2020, dola moja ikishinda vita viwili vitatu ilipata miji, miji ikaipa pesa, pesa zikaipa askari, askari wakaipa miji zaidi. Mara nyingi Khuzait ndio waliofaidika. Wapo pembezoni mwa ramani, kwa hiyo hawazungukwi, na jeshi lao la farasi lilipendelewa na namna kompyuta ilivyokokotoa vita ambavyo mchezaji hayupo. Mchezaji aliyekuwa bado anakusanya pesa za kununua farasi wa pili aligundua nusu ya bara imeshamezwa kabla hajaanza safari yake ya kisiasa.

Namna tatizo hili lilivyotibiwa inaonyesha gharama ya kila tiba. Watengenezaji walirekebisha hesabu za vita, wakaongeza malipo ya kodi kati ya dola zilizopatana, wakaleta maasi katika miji isiyoridhika na mtawala wake. Dola hazikumezwa upesi tena. Lakini mizani hiyo mpya ilimgusa pia mchezaji. Mabwana aliowashinda na kuwateka walitoroka, wakarudi na majeshi mapya, na dola iliyopigwa leo ilitangaza vita tena kesho. Wale waliolalamika kwamba bara linaisha haraka walifuatwa na waliolalamika kwamba haliishi. Wote walikuwa na haki, kwa kuwa ushindi wenye matokeo na dunia isiyoanguka haraka ni vitu viwili vinavyovutana, na hakuna namba moja inayoweza kuviridhisha vyote.

Watu wasio na la kusema

Pengo kubwa kuliko yote liko kwa watu wenyewe. Calradia ina mamia ya wakabaila wenye majina, nyuso, umri, wake, waume na watoto. Ukizungumza na wachache utadhani kila mmoja ana tabia yake. Ukizungumza na ishirini utagundua wanatoka kwenye kapu lilelile la sentensi. Uchumba unaendeshwa kwa maswali yenye asilimia za kufaulu, na ukishaoa, mwenzi anageuka kuwa mtu wa kutumwa kuongoza kikosi. Karamu za wafalme, ambazo katika Warband zilikuwa mahali pa kukutana na wakubwa wote na kusuka siasa, hazikuwekwa.

Hadithi kuu ilipata msiba huohuo. Mchezaji anatakiwa kuwatafuta wakabaila 10 wanaojua habari za vita vya Pendraic, vilivyoidhoofisha dola. Wazo ni zuri, kwa sababu linampeleka pembe zote za bara. Katika utekelezaji, anawakimbiza watu wanaotembea usiku na mchana kwenye ramani kubwa, na kila mmoja anapopatikana anatoa aya moja. Kisha anachagua kuiunganisha dola au kuiangamiza, na kuanzia hapo hadithi inageuka kuwa orodha ya miji ya kuteka.

Siasa za ndani ya dola zina mifupa mizuri. Ushawishi ni sarafu: unautumia kuita jeshi la pamoja, kupigia kura sheria, kugombania ngome iliyotekwa. Jeshi la pamoja lina mshikamano unaopungua kila siku, na kiongozi asiye na ushawishi wa kuongezea anaona washirika wake wakitawanyika. Hapo mchezo unafahamu vizuri kabisa ugumu wa kuongoza mabwana wenye majeshi yao. Lakini mahusiano kati ya dola na dola yalibaki kuwa vita au amani. Hadi mchezo unatangazwa kukamilika mwaka 2022, hapakuwa na muungano wa kudumu wala mkataba wa maana. Mfalme hakuweza kusema, tusaidiane dhidi ya Khuzait kisha tutagawana.

Ukoo nao una hesabu inayokataa. Mwaka wa Calradia una siku 84. Mtoto anakuwa mtu mzima akifika miaka 18, yaani baada ya siku 1,512 za mchezo. Wazo la kufa na kurithiwa na mwanao lilitangazwa kama nguzo ya Bannerlord, lakini mchezaji wa kawaida anateka bara au anachoka kabla mwanawe hajashika upanga. Kitu kipo, kinafanya kazi, na bado ni wachache wanaokifikia.

Kuna pia yale yaliyokuwa kasoro tupu. Katika toleo la kwanza, vipaji vingi ambavyo mhusika alivipata kwa kupanda viwango havikufanya lolote. Maelezo yalikuwapo, athari haikuwapo. Uhunzi uliwezesha mtu kufua upanga wa mikono miwili na kuuza kwa bei ambayo misafara na karakana zisingeifikia kamwe, na hivyo kuvunja maana ya uchumi wote uliojengwa kwa uangalifu. Viwanja vya vita vilikuwa vichache, mchezaji akapigana mahali palepale mara kwa mara hata kama ramani ilionyesha yuko mkoa mwingine. Upande wa wachezaji wengi uliteswa na seva zilizoanguka, na ruhusa ya jamii kuendesha seva zake wenyewe ilichelewa hadi wengi walikuwa wamerudi Warband.

Kwa nini ilikuwa hivi

Maelezo ya haraka ni uvivu au tamaa. Hayatoshi. Katika wiki za mwanzo kampuni ilitoa marekebisho karibu kila siku, na kazi ya namna hiyo haifanywi na watu waliokwisha kukusanya pesa na kuondoka.

Sababu ya kwanza ni injini. TaleWorlds walijenga injini yao wenyewe badala ya kukodi iliyopo, kwa kuwa injini za kawaida hazikutengenezwa kwa ajili ya mamia ya wapiganaji ambao kila mmoja ana silaha, ngao, farasi na uamuzi wake. Bila uamuzi huo vita vya Bannerlord visingekuwapo. Lakini miaka iliyotumika kwenye injini haikutumika kuandika maneno ya wakabaila, na mwandishi wa mazungumzo hawezi kuanza kazi kwa uhakika wakati mfumo anaouandikia unabadilika chini yake. Nguvu na udhaifu wa mchezo huu vina mzazi mmoja.

Sababu ya pili ni aina ya mchezo. Baldur's Gate 3 nao uliuzwa kabla ya kukamilika, kuanzia Oktoba 2020, lakini watengenezaji wake, Larian, walitoa sehemu ya kwanza tu ya hadithi. Waliinyoosha kwa karibu miaka mitatu, wakatoa kazi nzima Agosti 2023. Mchezo wa hadithi unaweza kukatwa kipande na kipande hicho kikawa kitamu. Dunia inayojiendesha haikatiki hivyo. Huwezi kutoa nusu ya Calradia, kwa sababu bei ya chumvi jangwani inategemea misafara ya kaskazini na vita vya mashariki vinategemea amani ya magharibi. Ilibidi vyote viwepo siku ya kwanza, na vilipokuwepo vyote, karibu vyote vilikuwa vyembamba.

Sababu ya tatu ndiyo nyeti zaidi: sauti za wateja. Mchezo unapouzwa ukiwa jikoni, mnunuzi anakuwa mkaguzi. Mkaguzi huona haraka kinachovunjika na hupiga kelele kwa kinachovunjika. Askari aliyekwama ukutani anapigwa picha na kusambazwa siku hiyohiyo. Mazungumzo matupu hayapigwi picha, yanachosha polepole. Hivyo kelele ziliielekeza kazi kwenye kasoro, na mapengo yakasogezwa mbele hadi muda ukaisha. Kila marekebisho yalihitaji kupimwa upya, kila mfumo uliogusa mwingine ulizaa hitilafu mpya, na kuelekea mwisho ikaongezeka kazi ya kuupeleka mchezo kwenye PlayStation na Xbox. Naiona sababu hii kuwa nzito kuliko mbili za kwanza, maana hizo zilikuwapo kabla ya 2020. Hii ililetwa na uamuzi wa kuuza.

Misimamo inayogongana

Msimamo wa watetezi unasema mnunuzi aliambiwa. Ukurasa wa duka ulieleza wazi kwamba mchezo haujakamilika, bei ilijulikana, na saa zilizochezwa ni ushahidi kwamba thamani ilipatikana. Hoja hii ina uzito. Mtu aliyecheza saa mia tatu hakudhulumiwa kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Udhaifu wake ni kwamba tahadhari ilizungumzia muda wa mwaka mmoja, na ilizungumzia kutokamilika bila kusema ni nini hasa hakitakuwamo hata mwishoni. Mnunuzi aliyeona ukoo, siasa na hadithi vimetajwa alikuwa na haki ya kudhani vitanenepa.

Wakosoaji wanasema ukamilifu wa 2022 ulikuwa wa tarehe tu. Wanaonyesha diplomasia nyembamba, uzingiraji wenye matatizo, sentensi zinazojirudia. Wana haki juu ya mapengo. Wanapokosea ni pale wanapozungumza kana kwamba hakuna kilichofanyika. Kati ya 2020 na 2022 vipaji vilianza kufanya kazi, mapigano ya ndani ya boma la ngome yaliongezwa, maasi yaliongezwa, namna ya kucheza bila hadithi kuu iliongezwa, na viwanja vya vita vikaanza kufuata mahali mchezaji alipo kwenye ramani. Anayelinganisha matoleo hayo mawili kwa macho yake hawezi kusema ni mchezo uleule.

Kundi lingine linasema jamii itamalizia. Warband iliishi miaka mingi kwa sababu mashabiki waliigeuza kuwa dunia nyingine kabisa. Prophesy of Pendor ni mfano ambao wachezaji bado wanautaja. Bannerlord nao umepata kazi kubwa za namna hiyo, kama Realm of Thrones na The Old Realms, na zipo nyongeza za mashabiki zinazotibu hasa diplomasia. Ni hoja ya matumaini, na ni ya kweli kwa nusu. Katika kipindi cha matengenezo, kila sasisho liliweza kuvunja nyongeza hizo, na waundaji wake wakalazimika kurudia kazi au kuiacha. Kampuni iliruhusu wachezaji kubaki kwenye matoleo ya zamani kupitia Steam, na hilo lilisaidia. Hata hivyo, mtu anayejitolea jioni baada ya kazi yake hana deni kwa mteja. Kumhesabu katika thamani ya mchezo ni kuuza jasho ambalo muuzaji hakulilipia. Aidha, wanaochezea PlayStation na Xbox hawafikiwi na kazi hizo za mashabiki.

Mizani

Ukipima kwa kasoro, Bannerlord ulitimiza sehemu kubwa ya deni lake, ingawa ulichelewa. Ukipima kwa mapengo, haukulitimiza, na hapo lawama ya kampuni inasimama. Mfano mzuri wa uwazi ulitolewa baadaye na Manor Lords, mchezo mwingine wa enzi za kati ulioanzishwa na mtu mmoja wa Poland, Greg Styczeń. Ulitolewa Aprili 26, 2024 ukiwa haujakamilika pia, na ukauza zaidi ya nakala milioni 1 katika saa 24 za kwanza. Ulikuwa na ramani moja, na baadhi ya njia za maendeleo ya kijiji zilikuwa zimefungwa, zikionekana wazi kwamba bado. Mnunuzi aliliona pengo kwa macho kabla ya kuliangukia. Katika Bannerlord mlango ulikuwapo, unafunguka, na chumba kikawa kitupu. Hilo linaudhi kuliko mlango uliofungwa.

Utaratibu wa Steam wa kurudishiwa pesa nao haumkingi mnunuzi hapa. Unamruhusu kurudisha mchezo ndani ya siku 14 kama hajaucheza zaidi ya saa mbili. Saa mbili zinatosha kugundua kwamba kompyuta yako haiuwezi, au kwamba mchezo unazima wenyewe. Hazitoshi kugundua kwamba wakabaila wote wanazungumza sawa. Utupu wa Bannerlord unaanza kuonekana baada ya saa thelathini au arobaini, wakati dirisha la kurudisha limefungwa zamani. Maduka ya michezo yangeweza kuwasaidia wateja kwa kudai jambo moja dogo kutoka kwa kila anayeuza mchezo usiokamilika: aandike, kwa kila mfumo anaoutangaza, kama upo kamili, upo kwa sehemu, au umekusudiwa tu.

Kwa msomaji wa Nairobi, Dar es Salaam au Lubumbashi kuna gharama nyingine ambayo wachambuzi wa Ulaya hawaihesabu. Mchezo unahitaji nafasi ya gigabaiti 60 kwenye diski, na mchezo unaorekebishwa kila mara unaendelea kula bando hata baada ya kuununua. Anayelipia intaneti kwa kipimo alilipa zaidi kwa kipindi kile cha 2020 hadi 2022 kuliko bei iliyoandikwa. Kwake, kusubiri toleo lililotulia lilikuwa jambo la busara, na bado ni busara kwa mchezo wowote unaouzwa hivi.

Mwaka 2025 TaleWorlds waliongeza War Sails, nyongeza inayouzwa kando, iliyoleta merikebu, vita vya baharini na watu wa Nord. Inaonyesha kwamba kampuni haijautelekeza mchezo wake. Inaonyesha pia kwamba chaguo lake halijabadilika: ilipopata nafasi ya kupanua Calradia, ilianza tena na uwanja wa vita, safari hii juu ya maji.

Basi anayetafuta mapigano ya panga, farasi na ngao katika jeshi la mamia, na furaha ya kuanzisha kikosi kutoka watu watano hadi jeshi la ufalme, aununue Bannerlord. Hatapata mwingine unaoukaribia. Anayetafuta fitina za ikulu, urithi wa vizazi na mikataba kati ya wafalme aende kwa Crusader Kings III, ambao hauna upanga wa kushika lakini wakubwa wake wana visa, hofu na visasi vya kweli. Na anayetaka vyote viwili ndani ya mchezo mmoja ajue kwamba mchezo huo bado haujatengenezwa.